Gorila Mwenye Jina la Kiswahili

Hivi mmewahi kujiuliza kwa nini gorila wa Marekani wanaitwa majina ya kwetu? Jabari wa Dallas, Binti Jua wa karibu na Chicago, Harambe wa Cincinnati. Asili yao ni misitu ya huko Gabon na Kameruni, ambako kwa Kiswahili hununui hata chumvi! Na hapa Ghuba ni vile vile: bustani ya Sharjah iliyofunguliwa 2022 ina sehemu zinazoitwa Serengeti na Ngorongoro. Kutoa jina ni rahisi. Kazi iko kwenye makazi.

Jabari alipita ukuta Machi 2004, akajeruhi watu, polisi wakampiga risasi akafa. Bokito wa Rotterdam alivuka handaki la maji Mei 2007, na wengi walikuwa wanaamini maji yanamtosha gorila. Tarehe 28 Mei 2016 mtoto wa miaka 3 alipenya uzio wa Cincinnati, akaanguka mita 4 na nusu hivi, na Harambe akauawa. Baadaye uzio ukainuliwa ukazidi mita moja, na nyavu zikawekwa. Sawa, silaumu. Ila kila mara tunajipimia sisi: mtu asiingie, mnyama asitoke. Yeye gorila nani kampimia?

Gorila hutandika kitanda kipya cha majani kila jioni. Kukodolewa macho kwake ni ugomvi. Sasa lile dirisha la kioo la ukuta mzima, watoto wakiligonga kutwa, limejengwa kwa raha ya nani?

Mtu ataniambia, bila wanyama wa kufugwa, choroa wa Arabia asingekuwepo. Kweli kabisa. Porini alikwisha 1972, na 1982 akarudishwa Oman, Jiddat al-Harasis. Lakini huyo alirudi jangwani kwao. Gorila walio wengi bustanini safari hiyo hawana, watakaa humo miaka 40 na zaidi. Kwa hiyo makazi ya muda hayatoshi.

Mimi niko Qurayyat. Milima ya upande huu ina Wadi Sareen, ambako tahr, mnyama wa jamii ya mbuzi, analindwa kwenye majabali yake tangu miaka ya 1970. Mara nyingi humwoni, na hakuna anayedai arudishiwe kiingilio. Kwa gorila mfano uko Kasugho, Kivu Kaskazini, katika kituo cha GRACE: yatima waliookolewa walizungushiwa uzio kwenye ekari 24 za msitu mwaka 2015, msitu wenyewe, siyo miti ya saruji. Wakitaka kupotea, wanapotea.

Basi ninyi mlioko Ulaya na Marekani, mkienda matembezi ya chuo mkafika kwa gorila, muulizeni mtunzaji swali moja tu: akichoka kutazamwa, anajificha wapi? Majibu mtuletee tuyachapishe hapa, pamoja na jina la bustani.