Kabla ya teke, jifunze kuanguka

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaa wa Kayole aliniandikia barua iliyoninyima usingizi. Nilimjibu kwa njia ya simu kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kungoja Jumapili, lakini ameniridhia nililete hapa, kwani nina hakika, msomaji, kwamba si yeye peke yake aliye na mzigo wa aina hii.

Mwanawe ana umri wa miaka 13 na yuko Gredi ya 7. Kila asubuhi hupewa nauli, na kila jioni hurudi kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Kisa na maana ni vijana watatu wa miraba minne ambao humngoja karibu na lango la shule na kumpokonya. Siku aliyothubutu kukataa alirudi mdomo umepasuka. Tangu hapo kijana hana hamu ya chakula wala vitabu. Ana ombi moja tu: apelekwe akafunzwe karate au judo, chochote kile, mradi siku moja "awaonyeshe". Babake alikataa katakata. Kwa maoni yake, mtoto anayefunzwa ngumi leo ndiye mkora wa kesho. Mama akabaki njia panda, na swali lake lilikuwa fupi: alipe ada au asilipe?

Kwanza nilimwambia lililo wazi. Kunyang'anywa nauli ni kosa, na dawa yake iko katika afisi ya mwalimu mkuu, si katika ngumi za mtoto. Aende huko na mumewe, na waende pamoja. Hilo tuliache, lina wenyewe. Ninalotaka tulitazame leo ni hilo neno la kijana, "niwaonyeshe", maana wengi wanaoingia katika ukumbi wa mazoezi haya huingia wakiwa nalo mfukoni.

Mimi nililiingia nalo. Sisi tuliokulia Eastlands tulifunzwa kung fu katika kumbi za video, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, na mfasiri akitutafsiria Kichina ambacho yeye mwenyewe hakukijua hata neno. Katika sinema zile mwalimu huuawa mapema, kisha mwanafunzi hupanda mlimani akajinoa na kurudi kulipa kisasi. Tulipotoka nje hakuna mti wala pipa la taka lililosalimika kwa mateke yetu. Kwa hivyo nilipofika miaka 16, na barobaro mmoja wa mtaani akanipora saa niliyoachiwa na marehemu babu, nilijua dawa. Nikajiandikisha katika darasa la judo lililokuwa likifanyiwa kwenye ukumbi wa kijamii kila Jumamosi. Nilipiga hesabu kuwa baada ya majuma manne saa ingekuwa imerudi mkononi.

Majuma yale manne tulianguka. Ndiyo, msomaji, kuanguka tu. Tulianguka kwa nyuma, kwa ubavu wa kulia, kwa ubavu wa kushoto, kisha kwa mbele kwa kubiringika begani. Kidevu kishike kifua ili kisogo kisigonge sakafu. Mgongo uwe mviringo kama kibuyu. Mkono uuchape mkeka pamoja na mwili kufika chini, ili kishindo kigawanyike, na pumzi itoke badala ya kuzuiliwa. Tukimaliza tunaanza tena. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza mwalimu ni lini tutafunzwa kuangusha watu. Akaniuliza, "Wewe kuanguka umeshajua?" Nikanyamaza, nikaanguka tena.

Wahenga walituambia kuteleza si kuanguka, nasi tukafurahi, lakini sikumbuki aliyetufunza la kufanya pindi kuanguka kwenyewe kunapofika.

Haya hayakuwa matakwa ya mwalimu wetu tu. Ndivyo judo ilivyojengwa tangu mwanzo, na aliyeijenga alikuwa ameingia na neno lile lile la mtoto wa Kayole. Jigoro Kano alizaliwa Japani mwaka 1860. Alikuwa mwerevu wa masomo na mdogo wa umbo. Hata alipokuwa mtu mzima urefu wake ulikuwa kama futi 5 na inchi 2. Katika shule ya bweni huko Tokyo, wavulana wakubwa walimwonea bila huruma. Akasikia habari za jujutsu, ufundi wa kale uliodaiwa kumwezesha mnyonge kumwangusha mwenye nguvu, akaazimia kuupata.

Lakini wakati huo ufundi wenyewe ulikuwa ukifa. Utawala wa samurai ulikuwa umekwisha mwaka 1868, na mwaka 1876 walipigwa marufuku kubeba panga hadharani. Mabwana waliokuwa wakifunza vita wakawa hawana kazi. Baadhi yao walikula kwa jasho la kuunga mifupa iliyovunjika, kwani ajuaye jinsi kiungo kinavyotoka ndiye ajuaye jinsi kinavyorudi. Kijana Kano akawa anaingia kwa waunga mifupa mmoja baada ya mwingine akiuliza kama kuna anayejua jujutsu. Mwaka 1877 akampata mwalimu wake wa kwanza, Hachinosuke Fukuda. Yasemekana alipomwomba mzee huyo amweleze jinsi mwereka fulani unavyofanya kazi, mzee hakumweleza lolote, alimwangusha tu, akamwita tena, akamwangusha tena.

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, Kano alifungua ukumbi wake katika hekalu la Eishoji, Tokyo: mikeka 12 na wanafunzi wasiozidi kumi. Akauita Kodokan, yaani ukumbi wa kujifunza njia. Angalia neno hilo, njia. Katika jujutsu, "jutsu" ni ufundi, mbinu. Kano akaliondoa akaweka "do", njia ya kuendea maisha. Mbinu nyingi alibaki nazo, zile za kuua na kulemaza akaziondoa katika mazoezi ya kushindana, na akasisitiza kuanguka kwa usalama ili mtu aweze kuangushwa mara mia moja leo na kesho aende kazini. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu kwa taaluma. Aliongoza chuo kikuu cha walimu cha Tokyo kwa miaka mingi, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki mwaka 1938 akiwa melini, akirejea nyumbani kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo. Sijasoma mahali popote kwamba aliwahi kurudi kuwatafuta wale wavulana wa bwenini.

Kano aliacha maagizo mawili makuu. La kwanza ni kutumia nguvu zako kwa njia iliyo bora kabisa, bila kuzitapanya. Hilo ni rahisi kulielewa: akikusukuma, usishindane naye, mvute kule kule anakokwenda. La pili ni gumu kidogo: mimi na mwenzangu tustawi pamoja. Katika mchezo wa kuangushana? Nilipokuwa kijana niliona ni maneno ya kupamba ukuta. Leo nadhani humo ndimo ulimo moyo wa jambo zima, nami nitakueleza kwa nini.

Huwezi kujifunza judo peke yako. Ni lazima mtu mwingine akukopeshe mwili wake. Anasimama mbele yako, anakuachia umshike kola na mkono wa vazi, halafu anakubali kutupwa hewani na mtu ambaye bado hajui anachofanya. Anapokwenda chini, wewe uliyemwangusha huuachilii ule mkono wa vazi lake. Unauvuta kwa juu kidogo, ili afike kwa ubavu, si kwa kichwa. Mikono ile ile inayomwangusha ndiyo inayomlinda. Kisha anainuka, na zamu inakuwa yako kuangushwa. Akikukaba shingo au kukukunja kiwiko, unapigapiga mwili wake au mkeka mara mbili, naye anaachilia papo hapo, bila mjadala. Hebu fikiria: kijana wa miaka 16 mwenye hasira anafunzwa kila Jumamosi kwamba mtu akisema basi, ni basi. Kuna nyumba ngapi jijini ambazo somo hilo halijawahi kufika?

Ukitaka kuliona somo hilo katika kilele chake, rudi Tokyo tarehe 23 Oktoba 1964. Judo ilikuwa imeingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Wajapani, wenye mchezo wao, walitazamia kuchukua dhahabu zote. Fainali ya uzani wa wazi iliwakutanisha Akio Kaminaga wa Japani na Mholanzi mmoja mwenye kimo cha karibu mita 2, Anton Geesink. Geesink alimbana Kaminaga chini kwa sekunde 30, na ukumbi mzima wa Budokan ukawa kimya kama makaburini. Waholanzi wakaruka kwa furaha, mmoja wao akakimbilia ulingoni kumkumbatia shujaa wao. Geesink, akiwa bado pale chini na mpinzani wake, aliinua mkono akamzuia. Hapakuwa mahali pa kushangilia kabla ya wawili hao kusimama na kuinamiana kwa heshima. Wajapani waliokuwa wakilia walikiona kiganja kile.

Nasikia sauti ya yule baba: heshima ni njema, lakini mitaa yetu haiinamii mtu. Ni kweli. Kule Korogocho, akina nyanya waliochoshwa na wabakaji waliunda kikundi chao kiitwacho Cucu Jukinge, wakawa wanakutana kufunzwa mapigo ya kujiokoa: kiganja kwenye pua, kiwiko, goti. Siwezi kumwambia mama wa miaka 70 kwamba lengo la mapigo hayo ni tabia njema. Lengo ni afike kesho akiwa hai. Lakini tazama silaha ya kwanza wanayofunzwa: kupaza sauti. Hapana! Mtu aliyezoea maisha yake yote kuinamisha macho anafunzwa kusimama wima na kusema neno moja kwa nguvu. Ndiyo maana naamini hofu ya baba huyu ina nusu ya ukweli tu. Mkora hahitaji darasa ili awe mkora. Wale watatu wa langoni hawakufunzwa na mtu.

Nusu yenye ukweli ni hii: mwalimu mbaya yupo. Nimeona ukumbi ambamo mwanafunzi mkubwa anajifurahisha kwa kuwaumiza wageni na mwalimu anacheka. Nimesikia pia mishipi myeusi inayotolewa kwa mwaka mmoja kwa yeyote mwenye pesa. Kwa hivyo nilimshauri mama asilipe kitu kabla ya kuketi pembeni siku moja na kutazama. Asitazame mateke. Amtazame aliye mdogo kuliko wote humo ndani, na jinsi wakubwa wanavyomshika. Atazame kama wanafunzwa kuanguka. Na amwambie kijana ukweli kwamba baada ya miezi minne ya judo, watatu bado ni watatu, na kukimbia pia ni akili.

Mimi nilidumu miezi minne hiyo hiyo, nikaacha. Saa ya babu haikurudi. Aliyeipora siku hizi ni mwendeshaji wa bodaboda na huwa tunasalimiana. Lakini miaka miwili iliyopita, usiku wa mvua, nilikuwa nashuka ngazi za ghorofa tunakoishi nikiwa nimembeba binti yangu wa miezi minane. Vidato vya mwisho vilikuwa vimelowa. Mguu ukaniponyoka, nikaenda kwa nyuma. Sikufikiri lolote. Nilimkumbatia mtoto kwa mkono wa kulia, kidevu kikaingia kifuani chenyewe, mgongo ukajikunja, na mkono wa kushoto ukachapa sakafu kwa kishindo kilichowatoa majirani nje. Kiganja kilivimba siku tatu. Mtoto alilia kwa sababu nilimshtua.

Yule mama alinipigia simu Jumatatu. Mwalimu mkuu aliwaita wazazi wa wale vijana. Wawili wamekoma, wa tatu bado humkodolea kijana macho langoni, lakini nauli inafika nyumbani. Baba alikubali kwa shingo upande kulipa mwezi mmoja wa judo. Jumamosi ya kwanza kijana alirudi viwiko vimechubuka, akakaa kimya mezani kwa muda mrefu, kisha akasema ameangushwa mara nyingi na msichana mdogo kumliko.

"Ukajisikiaje?" mama akamwuliza.

"Alikuwa ananishika mkono wa shati, mama," akasema, "ili nisiumie." Akaomba aongezwe ugali.