Mji Uliohamwa

Mtu wa Kisii au Nyamira akifika Gedi, karibu na Malindi, hustaajabu. Ndani ya msitu zimesimama kuta za misikiti, jumba la kifalme na nyumba za mawe, nayo mizizi imezikumbatia. Bwana James Kirkman alianza kuchimbua hapo mwaka 1948, akaona vyombo vilivyotoka China: wenyeji walikuwa na mali. Mbona basi waliuhama mji wao katika karne ya 17? Wataalamu hutaja vita, na tena visima kukauka. Nasi tumepanda mikaratusi, miti inywayo maji mengi, kando ya chemchemi zetu. Tuikate, tupande miti ya asili. Mali haikati kiu.