Ndoa Si Jalada

Wanachama wenzetu, katika kurasa hizi mara nyingi husomwa habari za mishahara, vyeo, uhamisho na malimbikizo ya madai, na ni haki zisomwe, maana chama cha watumishi kisichoyanena hayo kitanena nini? Lakini liko jambo moja ambalo kila mmoja wetu hulibeba asubuhi kutoka nyumbani hata ofisini, akalirudisha jioni pasipo kulitaja kwa mtu, wala halina fomu ya kujazwa. Jambo lenyewe ni hili, ya kuwa watumishi wengi walio na watoto wadogo hukaa na wake zao, au waume zao, kwa amani na adabu, bila ugomvi wala matusi, na huku mapenzi yamekwisha toka nyumbani kimya kimya, kama mgeni aliyeona wenyeji wake wana kazi nyingi.

Hatusemi habari za ndoa zilizoharibika. Hizo zina mahali pake, na Sheria ya Ndoa ya 1971 imeweka mabaraza ya kusuluhisha kabla watu hawajafika mahakamani. Twasema habari za ndoa zisizo na kesi. Hakuna baraza litakalofungua shauri kwa sababu mume na mke hawakucheka pamoja tangu sikukuu ya mwaka jana.

Tutatoa mfano wetu wenyewe. (Msomaji atuwie radhi: twaandika "sisi" kwa desturi ya magazeti, mke ni wa mmoja.) Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya Serikali Dodoma ulifanywa 1973, lakini kwa wengi wetu ulikuwa neno la vitabuni mpaka 2016, ilipoamriwa kuhama kweli kweli, na wizara moja baada ya nyingine zikafunga virago. Nyumba nyingi ziligawanyika hapo. Baba huku, mama kule, au mama huku na baba kule, na watoto mikononi mwa bibi yao au dada wa kazi. Sisi tulikwenda Dodoma. Mwenzetu alibaki Dar es Salaam na watoto watatu, kwa ajili ya kazi yake na shule zao.

Basi Ijumaa moja tulifika nyumbani usiku, watoto wamelala. Mwenzetu alikuwa ameandika katika karatasi mambo saba, kwa nambari: karo ya mkubwa, sare ya wa pili, homa ya mdogo, mtungi wa gesi, luku, mchango wa harusi ya binamu, na bomba lililopasuka uani. Akaiweka mezani kando ya sahani yetu. Sisi, hali tunakula, tulitwaa kalamu, tukasoma jambo la kwanza, na mkono ukaandika wenyewe pembeni: "Nimeona", na tarehe. Jambo la pili: "Nimeona. Tuzungumze." Tulipofika la nne tukasikia kicheko. Mwenzetu alikuwa amesimama nyuma yetu. Alicheka mpaka akashika kiti, nasi tukacheka, kisha tukatambua ya kuwa machozi yale si ya kicheko tena. Akasema, "Baba watoto, kumbe mimi nimekuwa jalada."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulijikagua, tukaona kwamba kwa miezi mingi hatukumwambia neno ambalo halingeweza kuandikwa katika dokezo la ofisi. Simu tulipiga kila jioni, wala hatukukosa hata siku moja, tena tulijisifu kwa hilo mbele ya wenzetu. Lakini simu yenyewe ilikuwa taarifa ya utekelezaji.

Wako wasemao kwamba sababu ya mambo haya ni umbali. Umbali una sehemu yake, lakini tunao majirani wakaao nyumba moja, walalao kitanda kimoja, nao hali yao ni hii hii. Hutoka wote saa 11 alfajiri kwa kuogopa foleni, hurudi saa 2 usiku. Mmoja asimamia kazi za shule za watoto, mwingine apiga pasi sare. Kisha kila mmoja hulala na simu yake kifuani, akitazama maisha ya watu asiowajua. Wengine hutia kosa juu ya watoto. Twaona si haki. Mtoto hakumkataza baba yake kumwita mama yake kwa jina.

Na hili la jina lataka kutazamwa. Desturi yetu, mtoto akizaliwa, mke huwa Mama fulani na mume Baba fulani, nayo ni desturi ya heshima, hatuidharau hata kidogo. Lakini jioni ile tulijaribu kukumbuka ni lini tulimwita mwenzetu kwa jina tulilomchumbia nalo, tukashindwa. Mbele ya watoto na wakwe na abaki Mama fulani. Mlango ukiisha fungwa, huyo Mama fulani aende akalale na watoto, naye yule msichana wa zamani arudi.

Wako pia watakaotuambia kwamba haya ni mambo ya filamu, wala si ya Mwafrika mwenye familia. Twawajibu kwamba hawajui kwao. Watu wa pwani walifukiza udi, walitunga vikuba vya asumini, na kanga iliyochaguliwa kwa jina lake ilisema neno ambalo mdomo uliona haya kulisema. Hakuna aliyengoja kwanza watoto wamalize shule. Wala makarani wasijitoe kwa kusema kwamba kazi ya kalamu hukausha moyo. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa Forodha tangu 1926 hata 1944, na mkewe Amina alipofariki alimlilia kwa shairi ambalo lingali likisomwa. Sisi tulijaribu siku moja, kwa siri, wakati wa chai, kumwandikia mwenzetu aliye hai beti tano tu. Tulikwama katika ubeti wa pili, maana hatukuijua rangi aipendayo.

Hapa yatupasa kusema neno lisilowapendeza waume wenzetu. Mtu aliyechoka hatongozeki. Sheria ya Ajira ya 2004 ilimpa mama mzazi likizo ya siku 84, na baba siku zisizopungua 3. Baada ya siku 3 mwanamume hurudi mezani kwake, akaamini ya kuwa mtoto hukua kama mhindi, kwa mvua. Mume alalamikaye kwamba mkewe hana uchangamfu usiku, na aulize kwanza ni nani aliyeosha vyombo, na ni nani aliyeamka saa 9 mtoto alipokohoa. Sisi hatukuuliza kwa miaka sita. Sasa, usiku tuwapo nyumbani, masufuria ni yetu na kikohozi ni chetu. Juma la kwanza mwenzetu alisimama mlangoni mwa jiko akitutazama kama atazamaye fundi asiyemwamini. Juma la tatu alikuja na kiti, akakaa, tukaongea.

Tena lipo suala la safari. Tulipokuwa wachumba, basi letu liliharibika Segera usiku, tukala mahindi ya kuchoma kando ya barabara hata alfajiri. Hatukuwa na pesa za kitu kingine. Katika yote tuliyofanyiana, zawadi na sherehe, usiku ule ndio autajao mara kwa mara. Kilichopendeza hakikuwa mahindi. Ni kutojua litakalofuata, na kutolijua pamoja. Nyumba yenye watoto kila kitu chake hujulikana mbele: Jumatatu hii, Jumanne ile, Jumapili kufua. Watoto wahitaji ratiba hiyo, lakini wazazi nao wahitaji kuivunja mara moja moja.

Basi Jumamosi moja tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukapanda pantoni Magogoni kwa miguu, tukavuka Kigamboni. Daraja lipo tangu 2016, na mwenye haraka alipitie. Sisi hatukuwa na haraka wala hatukuwa na jambo la kufanya ng'ambo. Tulipatana sharti moja, kwamba yale mambo saba yasitajwe mpaka tumevuka kurudi. Wanachama wenzetu, tusiwafiche: mwanzo ulikuwa mgumu. Tulikaa kimya kama watu walioketishwa pamoja na kondakta. Mambo saba yalipoondolewa hapakubaki kitu mdomoni.

Tulipokwisha tembea ufukweni kitambo, mwenzetu akauliza, "Kule Dodoma, jioni unakula na nani?" Miaka ile yote hatukuwa tumemwambia. Tukamweleza habari za mama lishe na benchi lake, na chumba chenye kiti kimoja, na jinsi Jumapili ilivyo ndefu. Alisikiliza. Kisha naye akatuambia jambo ambalo hakulitia katika karatasi yoyote, kwamba aliitiwa masomo ya mwaka mmoja, akakataa, kwa kuwa nani angebaki na watoto? Barua ilikaa mkobani kwa majuma matatu. Hakutuuliza, maana simu zetu zilikuwa za gesi na karo, na hakuona mahali pa kuliingiza.

Kwa sababu hiyo hatukubali tena kusikia kwamba mambo haya ni anasa. Mume na mke wasiotoka pamoja hawakosi raha tu. Hukosa habari za wao kwa wao. Tulijua joto la mtoto kwa nukta za kipimajoto, hatukujua ya kuwa mtu tuliyemwoa ameaga matumaini yake peke yake jikoni.

Watu watauliza habari ya fedha. Nauli ya pantoni haimshindi mtumishi wa daraja lolote, na barua ya mkono haina nauli. Aliye mbali, kama sisi, amepunguziwa taabu tangu 2024, gari la moshi la umeme lilipoanza kufika Dodoma kwa kama saa 4 (twaliita la moshi kwa mazoea, moshi halina), badala ya kutwa nzima ndani ya basi. Hata mwenzetu amekwisha kuja mara moja peke yake, bila mtoto wala kikapu cha dawa. Alikicheka kiti chetu kimoja, akalicheka pazia, tukala zabibu tukiwa tumeketi kitandani. Na katika zile siku 28 za likizo ambazo sisi huzimaliza kwa kujenga, kulima na kuhani misiba, siku 2 zaweza kutengwa kwa watu wawili wasifanye neno lolote la maana. Watoto wa kwetu walinung'unika mara ya kwanza. Mara ya pili walituuliza tumeona nini, wakataka kusimuliwa.

Kwa chama chetu tunalo ombi. Tuombapo nyongeza, tuombe pia maombi ya uhamisho wa kumfuata mwenzi yasikae mezani mpaka watoto waote ndevu. Na wakuu wa idara wasipige simu za kazi Jumapili kwa mambo yawezayo kungoja Jumatatu. Ombi la kwanza litaonekana dogo kwa waliopangwa kituo kimoja na wenzi wao. Kwa waliotengana ni nusu ya maisha yao.

Ama ile barua ya masomo, muda wake ulikuwa umekwisha pita. Mwenzetu ameandika nyingine, mezani, mbele yetu, nasi tulimsomea rasimu. Akiitwa, atakwenda yeye, nasi tutaomba kurudishwa Dar es Salaam, na karatasi ya mambo saba itakuwa juu yetu kwa mwaka mzima.