Kitendawili Kimehamia Mkononi, Kiswahili Kimebaki Nje

Yapo mambo ambayo wazee huyaita upuuzi kabla ya kuyachunguza. Mojawapo ni mchezo wa maneno unaochezwa katika mashine ndogo ya mkononi. Kijana wa Bula Pesa au wa Garbatulla akijitenga na simu ya kakaye, akipanga na kupangua herufi saa nzima, huambiwa kwamba anapoteza wakati. Pengine ni kweli. Hata hivyo, lipo swali lenye manufaa zaidi kwa mwalimu: ni kitu gani katika herufi hizo kilichomnasa kijana huyu kwa nguvu ambayo kipindi cha lugha hakijapata kumnasa nayo?

Mashine hizi si za jana. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy mwaka 1989, na Nintendo DS, iliyotolewa mwaka 2004, iliuzwa zaidi ya milioni 150 kote duniani. Humo mlikuwa na michezo ya ndondi na ya mbio za magari, lakini mlikuwa pia na michezo ya maneno. Mmoja wao, Scribblenauts wa mwaka 2009, ulijengwa juu ya wazo la ajabu: mchezaji akiandika jina la kitu, kitu hicho hutokea mbele yake. Akitaka kuishusha nyota iliyonasa juu ya mti, huandika neno lenye maana ya ngazi, na ngazi ikasimama pale pale. Mchezo huo ulifahamu maneno zaidi ya 20,000. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na simu. Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano kwa majaribio sita, ulienea ulimwenguni kwa miezi michache tangu mwishoni mwa 2021, hata gazeti la New York Times likaununua Januari 2022.

Siri ya mvuto huo si umeme wala rangi. Mchezo wa maneno humpa mtu fumbo dogo lenye jibu analohisi kwamba tayari analo kichwani. Humnyima jibu hilo kwa muda wa kutosha kumwasha, kisha humwachia alipate. Akishindwa, aibu yake ni fupi, na fumbo jingine linamngoja.

Sasa na tujiulize: jambo hili tumeliona wapi? Anayetega husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Wakishindwa, huwadai mji, nao humpa Mombasa au Nairobi ili awafumbulie. Wasomali huuita mtego wa namna hiyo hal-xiraale, na Waoromo, ambao Waborana ni ndugu zao wa lugha, huuita hibboo. Mtoto wa Isiolo, basi, hakufunzwa na Wajapani wala Wamarekani kupenda kufumbiwa. Alizaliwa katika nyumba ambayo mafumbo yalikuwa desturi ya jioni. Kilichobadilika ni anayetega, na lugha anayotegea.

Hapo ndipo penye uzito. Mchezaji wa Scribblenauts akiandika "ngazi" kwa Kiswahili, hapati ngazi. Michezo ya maneno iliyotamba katika mashine hizi, kwa watoto wetu, ni ya Kiingereza. Kwa mji mwingine hilo huenda likawa jambo dogo. Kwa Isiolo si dogo. Huu ni mji wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, jamii ambazo mara kadhaa zimepigania malisho na maji. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, garini na darasani. Lakini mtoto anayechekeshwa kwa Kiborana nyumbani na kuburudishwa kwa Kiingereza kwenye simu, hubakiwa na Kiswahili cha kununulia sukari na cha kufanyia mtihani. Lugha isiyochezewa haipendwi, na isiyopendwa hubaki ya shida tu.

Watu watasema lawama ni ya watengenezaji wa ng'ambo. Sikubaliani nao. Lawama ya kwanza ni yetu. Tazama tulivyokifanya kitendawili wenyewe. Katika shule za sekondari kimewekwa chini ya fasihi simulizi, na mwanafunzi anatakiwa ataje sifa zake, umuhimu wake na njia za kukikusanya. Yupo anayeweza kuorodhesha dhima sita za vitendawili bila ya kuwahi kumtega mwenzake hata kimoja. Tumekausha kisima, kisha tunamlaumu mtoto akienda kuchota kwa jirani.

Zaidi ya hayo, wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuuchukua mchezo wa Kiingereza na kuufasiri. Hilo haliwezekani, na sababu yake yafaa ielezwe kwa wanafunzi. Chukueni Scrabble, mchezo uliobuniwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930. Katika vipande 100 vya seti ya Kiingereza, herufi K ni moja tu. Kwa seti hiyo huwezi kuandika "kuku" bila ya kutumia kipande kitupu! Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zimehifadhiwa kwa heshima ya alama kumi na nane kwa pamoja. Wordle nao ungekumbana na tatizo jingine: karibu kila neno letu huishia kwa irabu, kwa hiyo kisanduku cha mwisho kina majibu matano tu. Isitoshe, "ng'ombe" lina herufi ngapi kwa mchezaji, ilhali ng' ni sauti moja? Na je, "tutawapikia" ni neno moja linaloruhusiwa, au ni sentensi nzima iliyojificha ndani ya neno?

Maswali haya si vikwazo. Ni mwongozo. Yanatuambia kwamba mchezo wa Kiswahili utengenezwe kwa silabi, wala si kwa herufi moja moja, na kwamba utajiri wake umo katika mnyambuliko na ngeli. Mpe mchezaji mzizi wa "pika", umwambie atafute pikia, pikwa, pikisha, pikika na pikiana kabla ya dakika moja kwisha. Mpe jina, akimbilie upatanisho wake. Wazee wa pwani walilijua jambo hili zamani. Walikuwa na mchezo wa kinyume, ambamo silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo, "mbuzi" likawa "zimbu", na asiyezoea akaachwa kando ya mazungumzo. Askofu Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Mchezo huo hauhitaji betri.

Vifaa navyo havikosekani kama zamani. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa shule za msingi za umma, na mwaka 2022 vile vilivyotumiwa katika sensa ya 2019 vikaanza kukabidhiwa walimu. Swali la leo ni nini kimetiwa ndani ya vifaa hivyo. Kishikwambi chenye vitabu vilivyopigwa picha tu ni kabati la kioo. Vyuo vyetu vikuu vina wanafunzi wa kompyuta na wanafunzi wa Kiswahili wanaopita wakipishana ngazini bila ya kusalimiana. Wakikalishwa meza moja, kazi hii haiwashindi.

Ni haki kukiri kwamba mashine ina upungufu ambao hakuna fundi atakayeuondoa. Kitendawili kinahitaji watu wawili. Mji unaodaiwa hudaiwa na mtu, mbele ya watu, na kicheko kinachofuata ndicho kinachoufunga ujirani. Mashine hushindana na mtoto akiwa peke yake, kisha humwacha peke yake. Kwa hiyo kazi ianzie darasani. Mwalimu wa Kinna au wa Merti atenge dakika kumi za mwisho za kipindi cha Ijumaa, Mturkana amtegee Mborana na Msomali amtegee Mmeru, kwa Kiswahili, na anayeshindwa atoe mji. Dakika hizo hazitapunguza alama za mtihani. Huenda zikawa ndizo pekee za juma zima ambazo mwanafunzi atazisimulia nyumbani.

Baada ya hapo, mafundi watakapoleta mchezo wa Kiswahili katika simu, utamkuta mchezaji aliye tayari. Wasipouleta, mtoto atakuwa angalau na cha kumtegea mwenzake simu itakapozima.