Mzaliwa wa Kakuma katika Timu ya Australia

Msafiri atokaye Lodwar kwenda Kakuma huiacha mikoma ya mto Turkwel nyuma yake, akaenda kiasi cha kilometa 120 katika nchi kame ya migunga na vichuguu, hata aufikie mto Tarach, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Hapo ndipo ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi katika mwaka wa 1992, wakati vijana wengi waliokimbia vita vya Sudan walipoingia Kenya kwa miguu.

Katika kambi hiyo alizaliwa Awer Mabil, tarehe 15 Septemba 1995. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa kibanda cha udongo, na chakula chao kilikuwa posho ya Umoja wa Mataifa, ambayo hugawanywa kwa kipimo. Mwenyewe amepata kusimulia kwamba walikula mara moja tu kwa siku. Alianza kucheza mpira angali mdogo sana, miguu mitupu, juu ya vumbi ambalo mchana huwaka kama kaango. Mtu aliyezoea kucheza mahali pale, kisha akapewa uwanja wa majani mabichi, si ajabu akikimbia kama swala.

Lakini kuna jambo moja ambalo halina budi kuelezwa. Kwa sheria ya Kenya, mtoto hapati uraia kwa sababu ya kuzaliwa nchini tu. Lazima baba au mama yake awe raia. Basi Mabil, aliyezaliwa Turkana na kukulia Turkana, hakuwa Mkenya, na nchi ya wazazi wake hakuwa ameiona. Hata angaliwapita vijana wote wa Lodwar kwa chenga, asingaliweza kuitwa katika timu ya taifa ya Kenya.

Mtu aweza kulinganisha habari hii na ile ya Paul Ereng, ambaye ni Mturkana. Yeye naye alitafuta bahati ng'ambo, akaingia Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, na katika mwaka wa 1988, mjini Seoul, akashinda mbio za mita 800 za Olimpiki. Siku ile bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Kenya. Ereng alikwenda ng'ambo akiwa na mahali pa kurudishia sifa zake. Mabil hakuwa napo.

Mwaka wa 2006 jamaa ya Mabil ilipokewa Australia, wakakaa Adelaide. Maisha ya huko hayakuwa asali tupu, kwani amesimulia pia matusi aliyotukanwa kwa ajili ya rangi yake. Hata hivyo alipata viatu, walimu wa mchezo, na kisha uraia. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alikuwa amekwisha kuichezea klabu ya Adelaide United, na mwaka wa 2015 akanunuliwa na FC Midtjylland ya Denmark, ambayo ilitwaa ubingwa wa nchi ile katika msimu wa 2019/20.

Mwezi wa Oktoba 2018 aliichezea timu ya taifa ya Australia kwa mara ya kwanza, dhidi ya Kuwait, akafunga bao. Katika mchezo huo huo alianza pia Thomas Deng, rafiki yake wa utotoni huko Adelaide, ambaye alizaliwa Nairobi kwa wazazi waliokimbia vita hivyo hivyo. Wazaliwa wawili wa Kenya, siku moja, katika jezi ya manjano ya Australia! Haielekei kwamba wengi huku Kenya walilitambua jambo hilo.

Siku yake kubwa ilikuwa tarehe 13 Juni 2022, huko Qatar, Australia ilipopambana na Peru kugombea nafasi ya Kombe la Dunia. Dakika 120 zilikwisha bila bao, ikawa kupiga penalti. Mwaustralia wa kwanza alikosa; Mperu mmoja akagonga mlingoti; wengine wote wakafunga, hata baada ya mapigo matano kila upande ukawa na manne. Pigo la sita likamwangukia Mabil, aliyekuwa ameingia kama mchezaji wa akiba. Aliuweka mpira chini, akarudi nyuma, akafunga. Kisha golkipa Andrew Redmayne, ambaye alikuwa akirukaruka juu ya mstari kama mcheza ngoma, akauzuia mpira wa Mperu, na Australia ikapita. Mabil alipoulizwa habari ya pigo lile, alisema kwamba alijua atafunga, kwani hiyo ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuishukuru Australia kwa niaba ya jamaa yake.

Novemba ya mwaka ule alicheza katika Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, na Januari 2023 akatajwa kuwa Kijana wa Mwaka wa Australia.

Naye hakuisahau Kakuma. Mwaka wa 2014 alirudi kambini na jezi za kuwagawia vijana, na kutokana na safari ile yeye na ndugu yake walisaidia kuanzisha chama kiitwacho Barefoot to Boots, ambacho kimepeleka huko viatu vya mpira na vifaa vya hospitali. Wengi wa vijana waliovivaa viatu hivyo wamezaliwa kambini kama yeye, nao wakiulizwa karatasi za uraia hawana.