Kitanda cha Mwenye Ukoma

Ndugu yangu wa Salamabila, mke wako amerudi na dawa za ukoma, nawe umemtandikia mkeka jikoni. Kwa nini? (Nasema na waume, maana wake nimewaona wakivumilia zaidi.) Ukoma hauambukizwi kwa tendo la ndoa. Hupita katika pumzi ya asiyetibiwa, kwa kukaa naye karibu muda mrefu. Akianza dawa, haambukizi tena. Atameza miezi 6 au 12, bila malipo. Paulo aliwakataza Wakorintho kunyimana. Sioni alipomtoa mgonjwa. Nenda nawe ukapimwe ngozi, kisha mrudishe kitandani. Mikono imekufa ganzi? Mshike bega, pale anaposikia. Na kabla ya kuzima taa, tazama nyayo zake, maana kidonda hatakisikia mwenyewe.