Ua Unapokauka: Barua Kutoka Embu



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Embu, ametuandikia kwa masikitiko. Nyumba yao imezungushiwa ua wa miti ambayo wenyeji wa huko huiita saiprasi. Kwa mbali hufanana na mvinje wetu wa pwani, ila majani yake ni madogo mithili ya magamba, nayo hufungamana hata jicho la mpita njia lisipenye. Nyuma ya ua huo yeye na binti zake hupika, huanika nguo na kubarizi kwa raha. Sasa upande mmoja umegeuka kahawia, mianya imefunguka, na sitara imeondoka. Wifi yake asema ni hasadi ya jirani. Atuuliza afanyeje.

Twamwambia: kabla ya kumtuhumu mtu, funua matawi utazame ndani.

Msaiprasi una adui anayejulikana, naye ni kidukari. Alionekana Malawi mwaka 1986, na ilipofika 1990 alikuwa ameshaingia Kenya, akakausha nyua za watu na misitu ya kupandwa. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, asiyeonekana kwa wepesi kwa kuwa hujibanza kwa makundi kwenye vijitawi vya ndani. Hufyonza utomvu, na mate yake huudhuru mti. Hudondosha maji matamu yenye kunata. Sisimizi huyafuata, na ukungu mweusi kama masizi huota juu yake. Ukiziona alama hizo, umempata mwizi wako.

Ukikosa mdudu, tazama gome. Likiwa limebonyea, limepasuka na kutoa utomvu mzito, huenda ni donda la kuvu. Maradhi haya ndiyo yaliyosababisha msaiprasi wa California uachwe katika misitu ya Kenya, na ule wa Meksiko ukachukua nafasi yake. Lakini majani machache ya ndani yakikauka kwa kukosa jua, hayo ni ya kawaida.

Sasa tiba. Matawi yaliyokufa yakatwe na kuchomwa mbali na ua, na makasi yaoshwe kabla ya kugusa mti mzima. Vidukari wakiwa wachache, wapigwe kwa maji ya nguvu, au yenye sabuni kidogo, hadi matawi ya ndani. Mti mchanga umwagiliwe shinani wakati wa kiangazi, kwani mti wenye kiu hulemewa upesi. Wala ua usikatwe mno: tawi la msaiprasi lililobaki kijiti kitupu halichipui tena.

Sumu kali isikimbiliwe. Watoto hucheza hapo, kuku hudonoa hapo, na sumu huua pia wale wanaotusaidia. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta nyigu mdogo mno, anayetaga yai ndani ya kidukari. Buu lake likamla kwa ndani. Ukinyunyizia ovyo, unamuua askari pamoja na mwizi. Tatizo likizidi, peleka kitawi kwa afisa wa misitu au wa kilimo aliye karibu, akitazame kabla hujanunua chochote.

Na penye mwanya, dada yetu asirudishe saiprasi pekee. Apande kayaba wenye miiba, au miti ya kienyeji iliyochanganywa, ili siku adui mmoja akija, asiondoke na sitara yote. Hadi miche ikue, mkeka au turubai litasitiri.

Tumebakisha neno moja. Katika barua hiyohiyo dada ametaja, kwa kupita tu, kwamba ua wa jirani nao umeanza kukauka upande wa barabara. Je, mwenye hasadi angejiharibia na wake? Vidukari wengine huota mbawa, wakavuka kutoka ua hadi ua. Ukisafisha wako na wa jirani ukabaki, watarudi. Basi dada, mwambie wifi yako ajitande mwende wote wawili kwa jirani, mumwonyeshe mdudu huyo, na mkubaliane siku ya kukata matawi pamoja. Huenda naye, nyuma ya ua wake, amekuwa akikudhanieni ninyi.